Jina Nililompa Mama

Nakumbuka Jumamosi moja ya miaka ile ya tisini, mwanangu, nikiwa ndani ya treni kwenda Ilford, mashariki ya London, tiketi imenidondoka mara mbili. Nilikuwa nimetoka Kilburn asubuhi bila kunywa chai. Begani nilikuwa na begi, na ndani ya begi patasi. Sitakudanganya kwamba nilikuwa nakwenda kazini.

Yona, yule kijana wa kwenye picha ya sebuleni unayeniuliza habari zake kila Krismasi, alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Mimi, yeye na rafiki yake Elia tulikuwa tunabomoa kuta za ndani katika nyumba zinazokarabatiwa. Kazi nilitafuta mimi, vifaa vilikuwa vyangu, na mimi ndiye niliyepanga nani afanye nini. Jumatatu moja Elia alikuwa anavunja ukuta wa jikoni na Yona anazoa vifusi nyuma yake. Elia alipoinua nyundo kubwa, kichwa kikachomoka kwenye mpini, kikampiga Yona kisogoni. Alikata roho kabla gari la wagonjwa halijafika.

Polisi walituhoji, wakaandika kuwa ni ajali. Lakini mimi nilikuwa na deni la kumwambia mama. Kijijini kwetu simu ilikuwa moja tu, dukani kwa mjomba. Mama alipoletwa kwenye simu nikamwambia Yona amefariki, naye akauliza neno moja: "Nani kamuua mwanangu?"

Ningeweza kumweleza ilivyokuwa. Nikasema, "Elia, Mama. Elia ndiye aliyemuua."

Siku chache baadaye mjomba akaniambia binamu zangu wamekaa kikao, na Jumamosi watakwenda kijiji cha pili kwa baba yake Elia. Hakuniambia wanakwenda kufanya nini, na mimi sikuuliza. Nilisema, "Sawa." Neno hilo, mwanangu, bado linaniamsha.

Elia naye alikwisha kutoroka chumba tulichokuwa tunaishi pamoja. Nikasikia amehifadhiwa Ilford na Mama Furaha, mjane Mkongo wa Uvira, mzee wa kanisa letu, aliyekuwa akifanya kazi ya kuogesha wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Nikamfuata huko. Nilitaka Elia akiri mbele yangu kwamba alimchukia Yona. Nilihisi akisema hivyo nitapata kulala.

Mama Furaha alifungua mlango, mnyororo ukiwa bado umefungwa. Akanitazama usoni, akalitazama begi.

"Elia yuko ndani," akasema. "Utaingia, mutoto wangu. Begi halitaingia."

Nikaliacha barazani. Elia alikuwa ameketi kwenye ngazi, amekonda, macho yamevimba. Hakusimama. Mama Furaha akaniwekea kiti mkabala na Elia, naye akabaki amesimama katikati yetu.

"Waisraeli wa zamani walikuwa na miji sita," akaanza, kama mtu anayefundisha watoto wa Jumapili. "Aliyeua bila kukusudia alikimbilia huko, ndugu wa marehemu wasimpate. Lakini hakuingia hivi hivi. Wazee walimsikiliza langoni, kisha wakapeleleza. Alimchukia yule mtu? Alimvizia? Kama alimvizia, hata angeshika madhabahu, alitolewa. Na kama alikuwa akikata kuni, chuma kikachomoka kwenye mpini kikamuua mwenzake, walimuweka hai. Ila hakurudi kwao mpaka kuhani mkuu afe. Hawakusema damu ile si kitu." Akanigeukia. "Basi na mimi nakuuliza. Elia alimchukia Yona?"

Walikua pamoja. Walifika Uingereza wakilala blanketi moja. "Hapana, Mama," nikasema.

"Alimvizia?"

"Hapana."

Nilidhani amemaliza. Hakuwa amemaliza.

"Sheria ile ile inasema, ng'ombe akimuua mtu, ng'ombe anapigwa mawe na mwenyewe anaachwa. Lakini kama mwenyewe alikwisha kuambiwa kwamba ng'ombe wake anapiga pembe, asimfunge, naye ana hatia ya kufa. Ile nyundo ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Kuna mtu alikuambia imelegea?"

Elia akainamisha kichwa. Alijua, kwa sababu alikuwepo. Asubuhi ya siku ile Yona aliniambia, "Kaka, kichwa cha nyundo kinacheza," na mimi nikajibu, "Malizeni ukuta kwanza." Elia hakuwaambia polisi. Hakumwambia hata Mama Furaha; nilimwambia mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nililia hadi nikaishiwa pumzi, na ndipo nikakumbuka siku.

"Mama, leo ni Jumamosi," nikasema. "Wanakwenda kwa baba yake."

Elia akaruka kutoka kwenye ngazi. Mama Furaha akanivuta mpaka kwenye simu ya ukumbini. Mara ya kwanza haikuita. Mara ya pili haikuita. Mara ya nne mke wa mjomba akapokea, akasema vijana wametoka muda si mrefu.

"Mwambie mjomba nyundo ilikuwa yangu!" nikapiga kelele. "Niliambiwa imelegea nikapuuza. Elia hana kosa. Awarudishe!"

Nikampa namba ya simu ile, tukasubiri. Elia alikuwa anatembea kutoka mlangoni hadi dirishani. Mimi nilikuwa naomba Mungu kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia. Ilipita saa nzima kabla simu haijalia.

Mjomba alikuwa amewafuata kwa baiskeli. Aliwakuta wameshavunja mlango na kumvunja baba yake Elia mkono. Alikuwa hai.

Kisha mama akaja kwenye simu. Hakupaza sauti. "Nilikuuliza nani," akasema, "ukanipa jina la mtoto wa mwenzangu." Akakata. Hatukuzungumza tena mpaka Pasaka ya mwaka wa pili.

Jumatatu nilikwenda polisi kueleza nilichoficha. Nilihukumiwa, nikaitumikia adhabu yangu. Elia alibaki kwa Mama Furaha miaka miwili, na alikuwa haingii nyumba yoyote inayobomolewa. Alinisamehe kabla sijamwomba, na jambo hilo lilinielemea kuliko adhabu.

Sasa nisikilize, mwanangu. Siku mtu akifa mikononi mwa mwingine, usikimbilie kutaja jina. Uliza kwanza kilichokuwa moyoni mwa aliyeua, maana anayeua kwa chuki na anayeua kwa bahati mbaya hawastahili hukumu moja. Mwenye chuki wape wanaohukumu, usimwendee wewe. Kisha jiulize kama kuna onyo ulilopewa ukalipuuza. Na kusamehe usikufanye useme aliyekufa hakuwa na thamani. Yona alikuwa na thamani.

Mungu akulinde na damu ya mtu, mwanangu. Akupe mtu wa kukufungulia mlango siku utakayokosa, na akupe moyo wa kumfungulia mwenzako.