Tope la Malagarasi Mgongoni mwa Honorata

Saa tatu asubuhi, Ilagala. Upepo wa kusini umeamka vibaya na mawimbi yanaipiga mitumbwi iliyovutwa mchangani. Honorata Ndayikeza amesimama ndani ya ziwa, maji yamemfika kiunoni, macho hayabanduki kwenye boti ya Sefu inayoyumba mbele yake.

"Mama, baki hapo hapo, usinifuate," Sefu anamwambia. Amekumbatia bomba la plastiki linaloonyesha ndani, refu kama mguu wa mtu mzima, limejaa tope lililotolewa chini ya Ziwa Tanganyika, na juu yake maji kidogo. Analishusha wima. Honorata anageuka, analipokea kwa mgongo, anazungusha kitenge na kufunga fundo kifuani. Sefu haliachii mpaka fundo la pili limekaza.

Hivi ndivyo mkimbizi huyu wa Burundi, mama wa watoto wawili, anavyopata riziki mwaka huu wa 1999. Anabeba tope kwa mbeleko.

Mwenye tope ni Regina, mtaalamu anayechunguza dunia ilivyokuwa zamani. Anasema kila masika mto Malagarasi unashusha udongo, majivu na chembe za mkaa kutoka milimani, vikatua chini ya ziwa, mwaka juu ya mwaka. La chini ni la zamani, la juu ni la juzi. Anayejua kulisoma anaona milima iliungua wakati gani. Lakini bomba likilazwa tu, miaka yote inakorogeka kama uji, hapo huna cha kusoma.

Barabara ya kutoka ufukweni kupanda hadi nyumba ya watafiti imekatwa na mvua. Baiskeli inatikisa. Wanaume walilibeba begani, likawa linalewalewa. Honorata ndiye aliyesema lifungwe mgongoni kama mtoto, kwenye kile ambacho kwao huitwa ingobyi. Wanaume wa Ilagala walipoambiwa nao wajifunge mbeleko, wee, kila mmoja akakumbuka ana nyavu za kushona. Kazi ikabaki kwake, na ndiyo iliyompatia kibali cha kukaa nje ya kambi na wanawe.

Si kibali tu kinachomtetemesha leo. Tangu kambi zijae, kauli moja inamfuata sokoni na kisimani: Warundi wamemaliza miti.

"Hata nikinunua mawese naambiwa," anasema. "Nikamuuliza Bi Regina, hili tope linaweza kujibu? Akasema linaweza, ila nisilichagulie jibu."

Bomba la kwanza liliharibika wiki iliyopita, na aliyeliharibu alikuwa anatenda wema. Huku ukikutana na mtu anapanda mlima na mzigo, unamtua apumzike. Ukimpita hivi hivi, watu watauliza ulilelewa wapi. Bibi Hidaya, mjane anayeuza dagaa, alimkuta Honorata akihema mlimani akamwambia, "Njoo nikutue, mwanangu." Honorata akainama kwa mazoea. Bibi akalilaza bomba kwenye nyasi, tena akalifunika kanga lisichomwe na jua.

"Nilipogeuka, maji yake ya juu yalishakuwa kahawia," anasema Honorata. "Nikamshukuru. Ningemwambia nini mama wa watu?"

Regina hakumgombeza, alilimwaga tu lile tope akaliosha bomba. Mafuta ya boti yaliyobaki yalitosha safari moja, na safari yenyewe ndiyo ya leo.

Sasa Honorata anapanda, mikono yote miwili nyuma, anapapasa kwa unyayo kabla ya kukanyaga. Upepo unamsukuma ubavuni na fundo la chini limeanza kulegea. Na pale pale penye mwinuko mkali, Bibi Hidaya yupo, anachambua dagaa na wenzake wawili.

"Shikamoo, bibi," anasema Honorata, amesimama wima. Kwao, na hapa pia, mwanamke anamwamkia mkubwa wake kwa kukunja goti. Leo hathubutu kulikunja.

"Marahaba. Njoo nikutue."

"Nisamehe, bibi. Leo situi."

Hidaya alikwishanyoosha mikono. Anairudisha taratibu, na wenzake wanatazamana.

"Haya," anasema. "Tumewapokea, tumekula nao sahani moja. Leo mikono yetu inanuka."

Kueleza ni kusimama, na kusimama ni fundo kufunguka. Honorata anaendelea kupanda. Machozi yanamtiririka na hana mkono wa kuyafuta.

Nyumbani kwa watafiti, Regina analipokea bomba na kulisimamisha kwenye kigoda chake cha mbao. Maji ya juu ni meupe, tope halijakorogeka. Regina anaegemea ukuta, anashusha pumzi. Honorata hasubiri hata maji ya kunywa. Anateremka mbio, anapiga magoti mbele ya Bibi Hidaya na kusema yote, ya leo na ya wiki iliyopita.

"Kumbe mimi ndiye niliyeliua lile la kwanza," anasema Hidaya.

"Wewe ulinitua, bibi. Mimi ndiye sikusema."

Bibi anakung'uta magamba mikononi. "Basi twende nikalione hilo linaloringa."

Regina analisukuma tope kutoka chini kwa mchi, linachomoza juu, analikata kipande kwa kipande. Kila kipande kinaoshwa kwenye chujio na kumwagwa kwenye sahani nyeupe. Sahani ya kwanza, ya miaka hii hii, imetapakaa chembe nyeusi za mkaa. Honorata anaitazama bila kupepesa.

Sahani zinazofuata ni safi. Kisha, karibu na mwisho wa bomba, weusi unarudi, mzito kuliko ule wa juu.

"Huu ni wa kabla ya kambi yoyote," anasema Regina. "Umri wake hasa watatuambia wa maabara."

"Na hao nao walikuwa Warundi?" Hidaya anauliza.

"Tope linaonyesha moto, bibi. Aliyewasha halimtaji."

Honorata amerudi kwenye sahani ya kwanza. Aliomba Mungu iwe safi. "Hapa tumo," anasema. "Si peke yetu, lakini tumo. Mimi mwenyewe nimekata miti."

Uani kuna kazi yake ya pili: kupika maharage yale yale kwa sufuria ile ile, ili Regina alinganishe nishati ipi inakula miti kidogo. Mafiga matatu yanakula mzigo mzima wa kuni. Jiko la udongo linakula nusu. Mkaa unaivisha vizuri, ila umekula mti tangu huko ulikochomewa. Mafuta ya taa yanaivisha, ukiyapata. Sola iliyo juu ya bati inawasha taa na kupoza jokofu dogo, lakini maharage inayaangalia tu.

Honorata ameomba jambo moja: mwezi ujao arudi kambini, kwa hiari yake, akakae kwa dada yake Armelle na kuwafundisha wanawake kufinyanga jiko la udongo. Kibali chake yeye cha kukaa Ilagala kitakoma, si cha watoto, na anajua. Bibi Hidaya ameahidi kuwalea watoto wake wasikatishwe shule.

"Mstari wetu mweusi umeshaandikwa humo, siwezi kuufuta," anasema. "Ila ziwa bado linaandika. Nataka atakayechimba hapa baada yetu akute ulianza mnene, kisha ukapungua, na sisi tukiwa bado tupo."