Mikono Safi ya Mpika Rangi

Watoto wa mtaa ule hawakujua jina lake, wala hawakulihitaji. Jioni alipotoka kazini walimtazama mikono, wakamwamkia kwa walichokiona. Siku ya sare za shule alikuwa Bi Bluu. Siku ya mapazia ya hospitali, Bi Kijani. Kuna wakati kiwanda kilipata oda ya mashuka ya rangi ya damu ya mzee, watoto wakatimua mbio, mpaka mmoja mwenye roho ngumu akarudi kumwuliza kama ameua mtu.

"Bado," alimjibu. "Lakini meneja ananitafuta sana siku hizi."

Kazi yake ilikuwa kupika rangi katika kiwanda cha nguo. Kupika, ndiyo, ukisema kuchanganya alinuna. Chumba chake kilikuwa chini kabisa, kimejaa mapipa yanayochemka na mvuke mzito hata walioingia waliitana kwa kupiga makofi wasije wakagongana. Yeye hakumgonga mtu. Alikoroga, akachovya kipande cha uzi, akakipeleka dirishani na kungoja kikauke, kwa sababu rangi iliyolowa hudanganya; inajifanya nzito, kumbe haina lolote.

Na alikuwa akiota rangi. Wenzake waliota ndugu zao na safari, yeye aliota rangi tupu, zimetanda, zinapita polepole mbele yake na kumwachia baridi tamu kifuani. Mumewe, fundi seremala mwenye usingizi mwepesi, alimsikia akinong'ona, "Ongeza kidogo... basi, basi." Mwanzoni alidhani ameoa mwenye mapepo. Baadaye alizoea, hata akawa anamwuliza wakati wa chai, "Jana tulipika nini?"

Mwaka ule, mvua zilipoanza kunukia, mabadiliko yaliingia kiwandani. Mashine mpya zingepima rangi zenyewe, na chumba cha mapipa kingefungwa, pipa baada ya pipa. Meneja alikuwa muungwana, hakupenda kumtupa mtu. Alimwita ofisini juu.

"Mama, wewe hatukuachi. Utakaa hapa na kusimamia rangi zote kwenye kompyuta. Na mshahara unapanda. Unapanda kweli, si maneno."

Nani angekataa? Nyumbani ilikuwa shangwe. Wifi yake alicheka mpaka akashika mbavu: "Sasa utatupa mkono bila kutupaka!" Lakini aliyefurahi kuliko wote ni fundi. Maisha yake yote alikuwa ametengeneza milango ya nyumba za watu, na yeye mwenyewe akalala kwenye vyumba vya kupanga, nyuma ya mlango wa mabati. Alikuwa na kiwanja alichokinunua ujanani, kimekaa tu kinaota majani. Wiki ileile alikwenda kukifyeka, akarudi na malengelenge na wimbo mdomoni, akaanza kuranda mbao za mlango wake mwenyewe.

Ofisini kulikuwa na kiti kinachozunguka na ubaridi wa mashine. Rangi zilikuja kwa namba. Alizitazama namba, akabonyeza, zikaondoka. Taratibu mikono yake ilianza kutakata, kwanza viganja, kisha kucha. Jioni moja watoto walimtazama mikono, wakatazamana. Mmoja akasema kwa adabu, "Shikamoo, mama."

Aliitikia vizuri, akaingia ndani, akakaa kitandani bila kuvua viatu, akalia. Hakuwa na msiba, hakuwa na deni. Ila ndoto zilikuwa zimekatika. Alilala kama gogo, akaamka kama gogo, na katikati hapakuwa na kitu.

Basi asubuhi moja ya manyunyu alishuka chini, kwa kisingizio cha kukagua. Mvuke ulimpokea. Pipa la sare za shule lilikuwa likichemka, na wakorogaji walikuwa wamejitenga pembeni wanakunywa chai. Alivua viatu. Alisema atakoroga kidogo tu. Kisha akaona, katika ile bluu ya kila siku, rangi nyingine inayotaka kutoka, ile ya anga dakika mvua inapoachia. Mkono ukaenda wenyewe kwenye nyekundu. Akatia kidogo. Akatia tena. Akapeleka uzi dirishani, na ulipokauka akacheka peke yake kwa sauti.

Wakorogaji walipomwona msimamizi ametia mkono wake, walijua ndiyo amri. Wakaingiza kitambaa. Hadi anageuka, majora ya sare za shule yalikuwa yanatoka na bluu yenye zambarau ndani yake, rangi ambayo hakuna mwalimu duniani angeiruhusu ipite getini.

Watu waliacha kazi, wakaja kutazama. Meneja naye alishuka, akalishika jora moja, akaligeuza kwenye mwanga.

"Nzuri," alisema mwishowe. "Lakini nani ataivaa?"

"Nimekosea, bosi."

Na kweli alikuwa amekosea, sitamtetea. Watoto wa watu walingoja sare.

"Hili nitalimaliza mimi," meneja alisema. "Ila rudi juu, na ukae huko juu. Kama huwezi, mama, niambie sasa."

Alitazama miguu yake mitupu. "Siwezi," akasema, na moyo wake ukawa mwepesi hata akaogopa.

Alimkuta mumewe nyumbani, ameinama juu ya fremu ya mlango, maranda yamemjaa kwenye nywele. Alimwambia yote bila kuzunguka.

"Wamekufukuza?"

"Nimeacha mwenyewe. Nitapika rangi hapa uani. Wafumaji wataniletea nyuzi zao."

"Watakulipa?"

"Kidogo."

"Kwa sababu huna furaha."

"Nilikuwa nakauka, mume wangu. Nakauka nikiwa hai."

Fundi aliweka randa chini. "Na furaha yangu mimi, je? Hiyo nani ataipika?"

Swali lilikuwa la haki. Fundi alibeba fremu, akaisimamisha nyuma ya kabati, ikiwa imetazama ukutani.

Mvua zilinyesha, zikapungua. Uani palikuwa na masufuria mawili, na nyuzi zilizoanikwa zikidondosha rangi. Ndoto zilirudi, pana kuliko zamani, na kila alipoamka alikuwa na furaha, na aliionea haya ile furaha, kwa sababu mtu aliyelala kando yake hakuwa nayo. Fundi aliongea ya lazima tu. Asubuhi alikunywa chai akitazama kikombe.

Siku mvua zilipokatika fundi alikuja uani ameshika shati jeupe, jipya, bado limekunjwa na pini zake.

"Nililinunua ile wiki uliyopanda cheo," alisema. "La kuvaa siku ya kuhamia."

Mpika rangi alifuta mikono kwenye sketi. "Liweke. Siku hiyo itafika."

"Labda. Lakini nimechoka kulifungia." Akamnyooshea. "Lipike. Nataka nilivae nikiwa hapahapa."

"Rangi gani?"

"Wewe ndiye mjuzi. Isiwe ya kunifanya kichekesho kwa watu, basi."

Alilipokea, akatoa pini moja moja. Fundi alivuta kigoda, akakaa karibu na moto.

"Litachukua muda?"

"Kidogo. Mpaka likauke ndipo tujue."

"Nipo," alisema.