Tabaka la Njano Lililoganda Kama Jiwe

Katika Mahalapye yote, mji wetu huu wa Botswana, hakuna mwanamke wa kunishinda kupanga barafu ya matunda. Nyekundu chini, njano katikati, nyeupe juu, na hakuna rangi inayomwingilia mwenzake.

Sawa, yupo mmoja. Ndiye aliyenifundisha. Na ile ya kwanza niliyopanga kwa mkono wangu ilitoka rangi ya maji ya kuoshea miguu. Mbwa aliinusa, akanitazama, akaondoka na heshima zake.

Lakini sasa kazi naijua.

Ndiyo maana asubuhi ile ya Jumamosi, kijiko kilipogonga tabaka la njano kikalia ko, kama kimegonga jiwe, nilikuwa wa kwanza kujua kuna jambo.

Wengine walidhani friza imefanya kazi vizuri.

Ngojeni niwaeleze, kisha muone kama nilikosea kuogopa.

Mjukuu wangu Tshenolo alikuwa anaposwa na kijana wa Palapye. Kwetu posa haipokelewi na baba wala mama. Inapokelewa na mjomba, ndugu wa mama. Wageni wanasimama langoni, wanakohoa kidogo, wanangoja. Mjomba asipokwenda kuwaleta kwa mguu wake na mdomo wake, basi, wanageuza.

Mjomba wa Tshenolo ni Olefile, mwanangu wa mwisho.

Na Olefile alikuwa mlevi. Nimesema alikuwa.

Wale watu walikuja mara ya kwanza wakati wa baridi. Olefile akawapokea na kiatu kimoja. Mkuu wa msafara, RraMoatlhodi, mzee wa kanisa mwenye mvi hadi masikioni, Olefile alimwita "mwanangu". Kisha akalala akiwa amesimama, kama punda.

RraMoatlhodi hakugombana. Alivaa kofia yake tu, akageuza msafara.

Baadaye ujumbe ukaja: "Tutarudi mara moja, basi. Kinywa cha mjomba kikinuka hata tone, msitutafute tena."

Tshenolo alilia hadi sauti ikakauka. Olefile aliposikia kilio kile, aliokota blanketi lake akaenda malishoni kwa ng'ombe, mbali na baa zote. Akakaa huko hadi kiangazi. Aliporudi, macho yake yalikuwa meupe kama ya mtoto. Nilimtazama nikampakulia chakula tu. Furaha nyingine ukiitaja inakimbia.

Sasa karamu ya kuwapokea tena. Ilikuwa mwezi wa pili, joto la kukaanga yai kwenye bati. Tshenolo akasema rafiki zake wanatoka Gaborone, hawawezi kunyweshwa chai.

"Bibi, wapangie ile yako ya rangi tatu."

"Yenye nguvu au ya watoto?"

"Yenye nguvu kidogo."

Mama yake, binti yangu Segametsi, akaingilia. "Nguvu sawa. Lakini chupa Olefile asiione, asiinuse, asiiote ndotoni."

Nikaificha chupa ya pombe kali nyeupe ndani ya gunia la mtama, stoo. Gunia lenyewe lilikuwa na mdomo mpana, MmaSeabelo akanisaidia kulishona.

MmaSeabelo ni shangazi yake Tshenolo, dada wa marehemu baba yake. Mama wa kanisa. Sare yake ya kanisa imepigwa pasi hadi ukikaa karibu unaweza kujikata. Tangu ndugu yake afariki, yeye ndiye mdomo wa upande ule wa ukoo, na mdomo huo haupumziki.

Ijumaa nikaanza kazi.

Chini ni tikitimaji lililosagwa na ndimu. Hilo unalimimina kwenye glasi, unaliingiza kwenye friza, unaliacha ligande kabisa. Ukiwa na haraka, nenda kakaange karanga, hii si kazi yako.

Katikati ni embe. Ndani ya embe ndimo pombe inamokaa. Na hapa ndipo nilipoharibu ile ya kwanza, kwa sababu pombe haigandi. Ukiizidisha, embe linabaki uji, na tabaka la juu linazama kama mtu aliyekanyaga matope. Ukiipima vizuri, embe linakuwa laini, kijiko kinaingia bila kuomba ruhusa.

Juu ni marula, yale matunda madogo ya mwituni. Unayakamua, unayapiga na maziwa, yanatoka meupe yana uchachu wa kukukunja jicho moja.

Nilipofika kwenye embe, nikafumua gunia, nikatoa chupa. Wakati huohuo nikamwona Olefile anapita dirishani na ndoo ya maji. Nikageuza mgongo, nikabana pumzi, nikamimina haraka haraka, nikafunga kizibo. Sikunusa. Sikuonja. Nilichotaka ni harufu isitoke nje.

Basi, mmeshaelewa kosa langu.

Jumamosi asubuhi Tshenolo akatoa glasi moja ajaribu. Kijiko kikalia ko.

"Bibi, kijiko kimekataa."

"Gonga kidogo."

"Nimegonga. Hii ya njano ni ngumu kuliko ile nyekundu."

Nikachukua glasi. Nikagonga mwenyewe. Nikatafuna kipande, jino langu moja kati ya yaliyobaki likalalamika. Embe. Sukari. Maji. Basi.

Nikaenda kwenye chupa, nikatia kidole kwenye matone yaliyobaki, nikalamba.

Maji ya bomba.

Segametsi alikuwa mlangoni. Aliona uso wangu, hakuhitaji kuambiwa.

"Amekunywa," akasema.

"Nani?"

"Mama, usinifanye mtoto. Jana nani aliingia stoo kuchukua mtama wa kuku?"

Olefile. Ndiye aliyeingia. Nilimwona kwa macho yangu.

Tshenolo akaketi sakafuni na nguo yake mpya. Hakulia. Ingekuwa nafuu angelia.

MmaSeabelo akaingia na sare yake, kama vile aliitwa.

"Nilisema," akaanza. "Mlevi haachi. Mlevi anapumzika. Mkapeleka chui kulinda mbuzi, sasa mnahesabu mifupa."

"Wifi, si sasa," akasema Segametsi.

"Kama si sasa ni lini? Wale watu wako njiani. Mimi tangu nizaliwe ulimi wangu haujui pombe, lakini mlevi namjua kwa kivuli chake."

Olefile akatokea nyuma ya nyumba. Amenyoa. Amevaa koti la marehemu baba yake, limembana kwapani.

"Kuna nini?"

Segametsi akamnyooshea chupa tupu.

Aliitazama. Kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja, akaelewa kila kitu.

"Ninuseni," akasema.

Segametsi akasogea akanusa. "Mnanaa," akasema polepole.

"Nimetafuna majani ya mnanaa. Nimekula vitunguu jana."

"Vitunguu," MmaSeabelo akacheka puani. "Siku hizi vitunguu vinauzwa kwenye chupa."

Na hapo hapo, langoni, tukasikia kikohozi. Kikavu, cha adabu. Kisha cha pili.

Wamefika.

Jamani.

Nikachungulia. Wazee wamesimama juani, wanawake wamejifunga mashali begani, na mbele yao RraMoatlhodi na kofia yake mkononi. Ile kofia.

"Tumwambie ana homa," Segametsi akanong'ona.

"Mjomba hana homa siku ya posa," nikamwambia. "Wataondoka."

"Na akienda ananuka?"

"Wataondoka."

"Mwacheni arudi kwa ng'ombe wake," akasema MmaSeabelo. "Wageni nitawapokea mimi. Nitawaeleza ukweli, Mungu ni shahidi."

"Shangazi, nao watakubali kupokelewa na wewe?" Tshenolo akauliza kutoka sakafuni.

MmaSeabelo akanyoosha kola yake.

Olefile akanijia. Akainama kidogo, maana yeye ni mrefu.

"Mama, hawa sibishani nao. Sema wewe. Ukisema nimekunywa, naondoka kwa mlango wa nyuma na hamtaniona tena. Ukisema sijanywa, naenda langoni."

Nikataka kusema. Mimi ndiye niliyemzaa, na mimi ndiye niliyemwona akitapika kwenye mashamba ya watu. Moyo ulisema hivi, kumbukumbu zikasema vile.

Kikohozi cha tatu.

"Ngoja," nikasema. "Nakutolea maji baridi unywe kwanza, umekauka midomo."

Uongo. Nilitaka tu kugeuza uso.

Nikafungua friza. Chupa za maji, zimeganda. Maziwa, yameganda. Supu ya mbuzi, jiwe. Nikapapasa chini, nyuma ya paja la nyama, nitafute chochote kinachomiminika.

Mkono ukagusa chupa. Nikaiinua.

Ikasema chubu.

Nikaitikisa tena. Chubu, chubu. Imelala kwenye barafu usiku kucha, chini kabisa kwenye baridi kali, na bado inacheza kama maji ya mtoni. Shingoni imefungwa utepe, juu ya utepe kuna maandishi ya kalamu: TANGAWIZI. YA MMASEABELO. DAWA YA KIFUA.

Nilibaki na kichwa ndani ya friza kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mtu wa umri wangu.

Kisha nikairudisha pale pale. Nikafunga mlango polepole.

"Maji yote yameganda," nikasema. "Olefile, nenda kapokee wageni wako."

"Mama," Segametsi akasema.

"Akinuka, mnizike mimi kwanza."

MmaSeabelo akapiga makofi mara moja, akainua macho juu. "Nimenawa mikono."

"Nawa na uso," nikamwambia.

Olefile akaenda. Ule uwanja wetu si mkubwa, lakini siku ile ulikuwa na urefu wa kwenda Francistown. Sote tulikuwa nyuma ya pazia tukichungulia.

RraMoatlhodi akampa mkono. Akamvuta karibu. Karibu sana, karibu kuliko salamu inavyotaka. Pua yake ikaenda hadi kwenye shavu la mwanangu.

Akakaa hapo.

Kofia yake ilikuwa kwenye mkono wa kushoto. Niliitazama kofia ile peke yake. Ikipanda kichwani, tumekwisha.

"Mnanaa," akasema RraMoatlhodi kwa sauti.

"Na vitunguu, mzee wangu," Olefile akajibu. "Nisamehe kwa vitunguu."

Mzee akatoa sauti ambayo mwanzoni niliidhani ni kikohozi cha nne. Kumbe ni kicheko.

Kofia akampa Olefile amshikie. Wakaingia.

Mwanangu alisema siku ile. Sijui maneno yale aliyatoa wapi, labda ng'ombe walimfundisha. Aliomba radhi ya wakati wa baridi bila kujitetea. Akamtaja Tshenolo kwa majina ya ukoo, akawauliza wageni wametafuta nini, akawasikiliza hadi mwisho bila kusinzia. Walipokubaliana, wanawake wakapiga vigelegele hadi kuku wakahama.

Tshenolo akaingia jikoni, akajificha nyuma ya mlango, na hapo ndipo alipolia.

Funzo natoa hapa hapa, maana mwishoni nitakuwa nacheka. Anayezunguka kunusa vinywa vya wenzake, mwombeni na yeye aachame. Na mtu aliyeanguka akainuka, msimhukumu kwa tope la zamani kabla hamjatazama viatu vya waliosimama pembeni. Mimi mwenyewe nilikawia kumwamini mtoto wangu, na mnaona aliyenisaidia ni friza.

Haya.

Karamu ikaanza. Vijana wa Gaborone wakagonga barafu yangu kwa visu, wakisema Bibi, hii nzuri ila inahitaji nyundo. Nikawaambia ni mtindo mpya.

Kisha nikachukua ile chupa na glasi mbili. Nikamkuta MmaSeabelo jikoni na Segametsi, wanakata nyama.

"MmaSeabelo, nimeona tangawizi yako. Leo siku ya furaha, tuonjeshe."

Kisu kikasimama.

"Ah, hiyo ni dawa, mama yangu. Si ya karamu."

"Segametsi naye ana kifua." Nikamimina.

"Mbona haijaganda?" Segametsi akauliza. "Humo ndani hata supu imekuwa jiwe."

"Tangawizi ni ya moto," akasema MmaSeabelo. "Tangawizi haigandi. Kila mtu anajua."

"Mimi sikujua," nikasema. "Uzee huu. Basi anza wewe, nione inavyonywewa."

Akanitazama. Nikamtazama na meno yangu yote machache. Akaona hana njia, akaibeba glasi ile, akaimaliza kwa mkupuo mmoja bila kukunja uso. Jamani, huyo ni mzoefu.

"Mmeona? Tangawizi tupu. Tuligawiwa kanisani na wamama wenzangu."

Segametsi akaonja yake. Akaiweka mezani taratibu. Macho yakamjaa machozi, na si ya huzuni.

"Wifi," akasema. "Olefile alisimama mbele yako asubuhi, ukamwita chui."

"Sijui unasema nini. Hiyo ni ya kanisa."

"Kanisa lipi, Mma?"

Sauti ilitoka mlangoni. RraMoatlhodi, na kikombe kitupu, amekuja kutafuta maji. Alitazama sare ya MmaSeabelo, kola hadi vifungo.

"Maana hiyo sare ni ya kanisa letu," akasema kwa upole, akisogea karibu. "Mimi ni mzee wa kanisa hilo kule Palapye, na dawa hiyo kwetu haijafika. Wamegawa lini?"

MmaSeabelo akafungua kinywa kumjibu, na harufu ikatangulia neno.