Serikali Ilipoonja Kwanza

Watu hupenda kusema kwamba sisi Wagogo tuliogopa chanjo kwa ujinga. Wanaosema hivyo hawakuwepo.

Nilikuwa msichana, enzi za Mdachi, ndui ilipofika kwetu karibu na Gulwe. Daktari wa Kijerumani alikuja na askari pamoja na mkalimani kutoka pwani, tukapangwa mstari mbele ya tembe letu ili tuchanjwe. Mama yangu alikuwa wa kwanza. Aliuficha mkono wake mgongoni.

“Kwetu,” alimwambia mkalimani, “anayempa mgeni pombe huonja kwanza, mgeni ajue haina sumu. Mwambie bwana wako aonje dawa yake.”

Mkalimani alifunua mkono, akaonyesha makovu yake ya chanjo.

“Hayo ya zamani, baba,” mama akasema. “Mtungi wa leo huonjwa leo.”

Askari mmoja alikamata kiboko. Mkalimani alimfasiria daktari maneno ya mama. Daktari akavua koti, akakunja shati, akachovya kisu chake kidogo kwenye kichupa cha dawa na kujichanja mwenyewe mbele yetu sote.

Mama aliinama, akalikagua lile jeraha bila haraka. Ndipo akautoa mkono.

Kovu langu bado lipo. Nikiligusa simkumbuki daktari wala ndui. Namkumbuka mama, miguu peku, vumbi hadi magotini, aliyeiambia serikali ionje kwanza, nayo ikaonja.