Miaka Minane ya Sidonie

Sidonie Banza ana umri wa aina mbili, wa karatasi na wa magoti. Kwa karatasi ana miaka sitini na mmoja. Kwa magoti ana sitini na tisa, na magoti hayajawahi kusoma karatasi. Kila asubuhi, anaposhuka ngazi za ghorofa ya tatu huko Ixelles, Brussels, kwenda kupanda basi la Woluwe, hushuka kwa upande, mkono ukutani, akitaja watakatifu mmoja mmoja. Kazi yake ni kusafisha vyumba vya wagonjwa katika hospitali kubwa, na ameifanya kwa miaka ishirini na sita. Baadhi ya wanaolala katika vitanda vile ni wadogo zake kwa umri. Wao huitwa wazee, yeye huulizwa kwa nini siku hizi anachelewa kumaliza sakafu.

Uongo wenyewe hakuutunga yeye. Mwaka 1992 Ghislain, kijana wa Lubumbashi aliyekuwa Brussels, aliwaandikia ndugu zake wamtafutie mke. Alitaka msichana wa nyumbani, ajuaye kusonga bukari, ugali wa kwao, na kupika sombe ya majani ya muhogo, asiyezidi miaka thelathini. Sidonie alikuwa mwalimu wa shule ya msingi asiyelipwa mshahara, ana miaka thelathini na sita, na wachumba wawili walikuwa wamekwisha kuja na kwenda. Shangazi yake, Tantine Ngoie, aliisoma barua ile mara mbili, akasema mume hupewa mke, hapewi kalenda. Akaenda mahakamani na mashahidi wawili na kuku mmoja. Siku zile watu wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, hakimu alisikiliza mashahidi akaandika. Jioni Tantine Ngoie akarudi na hukumu yenye mhuri kwamba Sidonie alizaliwa mwaka 1964.

Mtu mwingine angeishia hapo, lakini Tantine Ngoie hakuwa mtu wa kazi nusunusu. Alikwenda mpaka parokiani, ambako daftari la ubatizo lilikuwa limenyeshewa mvua na katekista alikuwa akilinakili upya. Sijui walizungumza nini. Ninachojua ni kwamba katika daftari jipya Sidonie alibatizwa miaka minane baadaye kuliko alivyobatizwa kweli, na daftari la zamani likaishia jikoni kwa mapadri kuwashia moto. Kwa hiyo msichana wa miaka ishirini na minane akapanda ndege kwenda kuolewa na mwanamume wa miaka thelathini na mitatu. Ghislain alimpokea kwa maua, akamwita petite, yaani mdogo wangu. Hajaliacha jina hilo tangu siku ile.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Sidonie ilikuwa na urefu wa miaka thelathini na mitatu, na kila mwaka ilimdai kitu. Wakatanga wakubwa walipokaa katika mikahawa ya Galerie d'Ixelles wakasimulia vita vya askari wa Umoja wa Mataifa mjini kwao, mabomu ya mwaka 1961 na 1962, yeye alinyamaza. Aliyakumbuka. Alikumbuka harufu ya vumbi chini ya dawati na mkono wa mwenzake ukimfinya paja kwa hofu. Lakini mtu aliyezaliwa mwaka 1964 hakumbuki vita vya mwaka 1962, kwa hiyo aliuliza maswali ya kijinga kama watoto wanavyouliza, na wakubwa wakamweleza. Alipofika miaka hamsini hedhi ikakoma. Daktari akatazama karatasi, akaona arobaini na miwili, akamwonea huruma, akaandika kwamba imekoma mapema mno. Sidonie alipokea ile huruma na dawa zake, akaenda nyumbani akazitupa.

Hayo yote aliyabeba. Lililomshinda lilikuja na kustaafu kwa Ghislain.

Ghislain alikuwa dereva wa basi, mtu mpole kwa kila jambo isipokuwa kodi. Bahasha ya kodi ilipofika mlangoni, nyumba nzima ilijua. Serikali ya hapa, alisema, ni mgeni anayekula kabla ya mwenye nyumba, kisha anauliza mboga imebaki wapi. Alikatwa kwenye mshahara, akakatwa kwenye kazi za Jumapili, na alipostaafu mwaka jana akakuta pensheni nayo imekatwa. Huo ndio uliokuwa mwisho wa subira yake. Alisoma habari za wazee wa Kibelgiji wanaohamia Ureno na Uhispania, akazikata gazetini, akazibandika jikoni. Wenye nchi wenyewe wanaikimbia, alisema, mimi nangoja nini? Aliamini kwamba Lubumbashi kodi haitamfikia na pensheni yake itamtosha kama mtu mwenye heshima. Kama aliamini sawasawa au la, mimi si mhasibu. Nyumba yao ya mtaa wa Bel-Air ilikuwa imekwisha ezekwa, ilikosa madirisha na maji tu.

Sidonie alipousikia mpango huo moyo wake ulicheka. Alitaka kwenda. Hakuna kitu alichokitaka katika maisha yake kama kuketi katika kivuli cha ukuta wake mwenyewe bila mtu kumuuliza kuhusu sakafu. Ndipo Ghislain akaeleza sehemu ya pili. Pensheni ya mmoja haiwezi kulisha wawili na kumaliza nyumba. Sheria inamtaka Sidonie afike sitini na saba ndipo apewe yake, na akiacha kazi sasa, miaka yote iliyobaki itapotea kwenye hesabu. Kwa hiyo yeye Ghislain atatangulia.

"Six ans ni kintu gani, petite?" alisema, akimshika bega. "Weye ungali na nguvu. Utatumika kazi kidogo, kisha utakuja. Tutakaa kule bawili, vingt ans, miaka makumi mbili nzima, bila kulipa impôt."

Sidonie alipiga hesabu nyingine kimya kimya. Miaka sita kutoka sasa atakuwa na sabini na mitano.

Mwezi huohuo alikwenda kwa daktari kwa sababu ya kuishiwa pumzi. Daktari kijana aliusikiliza moyo, akatazama skrini, akasema moyo huu si wa mwanamke wa miaka sitini na mmoja, lazima kuna ugonjwa umejificha. Akaandika vipimo vinne. Sidonie angeweza kumponyesha daktari yule kwa sentensi moja. Alichukua karatasi, akashukuru.

Lakini kutoka pale hakwenda nyumbani. Alikwenda Chaussée d'Ixelles kwa wakili mmoja, Nathalie, aliyewahi kumsaidia Anaïs, binti wa Sidonie na Ghislain aliyekwisha kuhama nyumbani. Alifunga mlango, na kwa mara ya kwanza maishani akausema mwaka wake halisi, 1956, kwa sauti. Nathalie hakushtuka, alikuwa amekwisha kuwaona wengine. Alimweleza polepole kwamba jaji anaweza kusahihisha tarehe, lakini anahitaji karatasi ya zamani kuliko ile hukumu ya mwaka 1992, cheti cha shule au daftari la kanisa, kitu chochote. Hata akiipata, kuna la kuogopa: uraia wake alipewa kwa tarehe ileile ya uongo, na upande wa serikali unaweza kuuliza maswali. Sidonie alijibu kwamba katika umri wake anaogopa ngazi kuliko maswali.

Akampigia simu binamu yake Joël, Lubumbashi. Shule yake ya zamani haikuwa na kumbukumbu yoyote, iliporwa zamani, katika miaka ya njaa. Joël akaenda parokiani. Baada ya siku tatu alituma picha: ukurasa safi, mwandiko mzuri wa katekista, wino mweusi. Banza Sidonie, 1964. Joël akaandika chini yake, kwa furaha, kwamba ameipata na kila kitu kiko sawa. Sidonie aliitazama picha ile kituoni mpaka basi likapita bila yeye kupanda. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini aliyechimba hiki alikuwa Tantine Ngoie, naye alikwisha kuzikwa zamani kwa heshima zote. Sidonie alimchukia siku ile, akajichukia zaidi yeye mwenyewe, kwa sababu alikuwa na ulimi na hakuutumia.

Ilibaki njia moja, kumwambia Ghislain. Ghislain akijua umri wake wa kweli hatamwacha, alijiambia, atasema twende wote, tutakula tutakachopata. Alichelewa wiki moja, akachelewa ya pili. Mwisho akamwambia siku moja kabla ya safari, wakati Ghislain anakunja mashati juu ya kitanda.

"Papa, nisikie," alisema. "Mi nilizaliwa cinquante-six. Niko na soixante-neuf ans. Tantine Ngoie njo alikata miaka huit, kusudi unioe. Siwezi kutumika six ans tena. Nitakufa huku."

Ghislain aliweka shati chini. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakohoa, akaketi karibu naye akamshika mkono kwa upole mwingi. Alidhani ameelewa. Mwanamke anaogopa mumewe akifika Lubumbashi na pensheni ya Ulaya atapewa binti wa miaka ishirini, ndiyo maana anatunga hadithi ya kumzuia. Alimwapia kwamba hana mpango huo. Sidonie akaleta habari za vita, akasimulia dawati, vumbi, mabomu. Ghislain akatikisa kichwa.

"Ile ni habari ya mama yako," alisema. "Trente-trois ans nalala karibu na weye. Ungekuwa mukubwa wangu, mi ningejua. Na mu karatasi yote, mpaka ya kanisa, wanaandika nini?"

Sidonie alilichukua shati lile, akalikunja. Picha ya Joël ilikuwa ndani ya simu yake, mfukoni mwa aproni.

Ghislain akaondoka Alhamisi. Kwenye uwanja wa ndege alimwagiza asisahau kulipa umeme na asibebe ndoo nzito, akambusu kwenye paji la uso, akapita. Sidonie akarudi kwa treni akiwa na hasira iliyokosa mtu wa kumwangukia. Katika vipimo vinne alivyoandikiwa, vitatu havikuonyesha kitu na cha nne kikaongezewa vingine viwili. Hospitali ilimhamishia ghorofa nyingine, yenye vyumba vingi zaidi, kwa sababu msafishaji mmoja wa miaka sitini na sita alikuwa amestaafu na wakubwa waliona Sidonie bado kijana kidogo. Wenzake walimwandalia mama yule keki. Sidonie alikula kipande chake amesimama.

Ghislain alipiga simu kila Jumapili baada ya misa. Madirisha yamefika. Maji yamefika. Petite hivi, petite vile. Kisha Jumapili moja ya Novemba akapiga mapema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma barua ya serikali.

Alikuwa amekwenda msibani, mtaa wa Katuba. Kwenye mkeka wa wafiwa alikuwepo bibi mmoja, Maman Élodie, meno machache, kumbukumbu yote. Aliposikia jina la mke wa Ghislain alifurahi kupita kiasi. Sidonie Banza? Alikaa naye dawati moja darasa la kwanza, mwaka 1962, wakajificha pamoja chini yake mabomu yalipolia, akamfinya paja mpaka likachubuka. Watu wakatazamana. Wajomba wa Ghislain, wale waliopeleka mahari, wakaanza kuhesabu kwa vidole, na mmoja wao akasema kumbe kijana wetu tulimwolea yaya yake. Kule Katanga yaya ni ndugu mkubwa, kaka au dada, mtu wa kuheshimiwa na kupishwa kiti. Msiba mzima ukacheka.

Sidonie alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema, bila kupandisha sauti, kwamba alikuwa amemwambia.

"Uliniambia siku ya mwisho," Ghislain alijibu. "Tantine alijua, katekista alijua, bale bashahidi balijua. Mi peke yangu njo sikujua. Hata nilikuita petite mbele ya bantu."

Sidonie alimsihi. Alimwambia kwamba sasa anajua, basi amruhusu aje, ataacha kazi kesho, atalala hata chumba kisicho na dirisha. Alimwambia kuhusu moyo. Upande wa pili palikuwa na kelele za jogoo na mtu akichota maji. Ghislain aliposema tena, alisema kwa adabu, kama mtu anavyosema na mkubwa wake.

"Bakia kule, yaya. Maliza miaka yako."

Simu ikakatika. Sidonie alitaka kumwandikia ujumbe, akakwama kwenye neno la kwanza. Kumwita papa, yaani baba, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake na kama alivyomwita miaka yote, ilikuwa kama kumdanganya tena, na neno jingine la kumwita mume wake hakuwa nalo. Alifuta herufi zile mbili alizokwisha andika. Akalia, na hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba bado ni kijana.