Kimoja au Viwili

Mtoa dawa wa zahanati alikuwa na vidole vyepesi. Alihesabu vidonge vitano vitano huku akitaniana na wagonjwa. Lakini siku za karibuni mkono mmoja ulihesabu, wa pili ulibonyeza mchezo wa bahati nasibu kwenye simu chini ya meza, picha za matunda zikizunguka kama pia. Muuguzi, mwenzake wa miaka mingi, alimwona akiacha chai ipoe, akimkaripia kila anayemsemesha, roho juu juu. "Ni mchezo wa bure, dada, silipi hata senti," mtoa dawa alijitetea. "Hulipi, sawa. Lakini mwenyewe uko wapi?"

Jumanne, mama mmoja alisoma pakiti ya dawa ya mwanawe kwa sauti: "Viwili, mara tatu?" Daktari alikuwa ameandika kimoja. Mtoa dawa aliinyakua pakiti, uso umemsawijika, akaomba radhi. Mama alipoondoka na maelezo sahihi, mtoa dawa alimkabidhi muuguzi simu yake. "Nifungie kabatini mpaka jioni. Nikikuomba, usinipe."

Kabla ya saa sita alikuwa ameshaiomba mara mbili, na muuguzi akatikisa kichwa tu. Mtoa dawa akahesabu vidonge vya mzee aliyengoja dirishani, akarudia, kisha akavisogeza kwa mwenzake. "Na wewe hesabu," alinong'ona.