Maji ya Mgagani

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na hiyo redio izimeni kwanza.

Juzi kliniki hapa Bariadi nilikaa benchi moja na mama mmoja kutoka kijiji cha Nkoma na mke wa mwanawe, mjamzito. Binti akajifuta mdomo kwa ncha ya khanga, ikabaki damu.

"Fizi," mama mkwe akaniambia. "Mwezi mzima sasa. Wasipomponya hapa namrudisha kwao wakamtambikie."

Binti akainama.

Nesi akawaita mezani pake, palepale mbele yangu, akauliza wanakula nini.

"Mboga ya mgagani kila siku. Hatuna njaa sisi."

"Unaipikaje, mayu, mama yangu?"

Mama akazungusha mkono hewani. "Nachemsha, namwaga maji. Nachemsha tena, namwaga, mpaka uchungu uishe."

"Maji unayamwaga wapi?"

"Kwenye pumba za ndama."

"Huyo ndama anaendeleaje?"

"Amenawiri kweli," akasema kwa fahari, kisha mkono ukasimama hewani.

Nesi hakucheka. Akasema huenda binti amepungukiwa vitamini C, maana moto mwingi huiua na nyingine huenda na maji. Wachemshe kidogo, na binti ale mapera.

"Mapera ni ya watoto."

"Na huyu ni mtoto wa nani?"

Mama akamtazama binti, akamfuta mdomo kwa khanga yake mwenyewe. "Twende kwetu, mwanangu."

Mimi nimemwaga maji hayo tangu niolewe, na mapengo yangu mnayaona. Basi binti amepata mapera, ndama amebaki na pumba kavu, nami nimebaki kujifunza kupika uzeeni.